Niliushika mwezi kwa mkono wa kulia, nikakataa kunawa mpaka Muhuru Bay

Salamu kwenu wakuu. Na wale mnaopita tu bila kuacha neno, nawaona, hata mimi nilikuwa mmoja wenu mpaka juzi.

Nimekaa humu muda mrefu nikisoma visa vya watu na kucheka peke yangu jikoni, wajukuu wanaulizana bibi ana nini. Juzi mtu akaanzisha uzi wa kubishana kama kweli binadamu alifika mwezini. Nikausoma wote. Matusi yalivyokuwa yakirushwa mle, nikasema hapana, hapa na mimi nina langu, na langu nimelishika kwa mkono.

Ninayoandika ni ya kweli. Picha sina. Miaka ya tisini kamera ilikuwa ya mwenye nacho, na ya mwenyeji wangu wa Marekani iliishiwa filamu saa ile ile ilipohitajika. Ushahidi nilio nao ni mkono huu ninaochapia.

Ndugu zangu wa Tanzania, mnivumilie Kiswahili changu. Nimezaliwa Muhuru Bay upande wa Kenya, ukitupa jicho unaona kwenu. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kule Ndhiwa mpaka nikastaafu mapema, lakini nikikasirika bado natukana kwa Kijaluo.

Tuanze na mzee wangu.

Baba alikuwa fundi wa mashua pale Muhuru. Alifanya kazi na rafiki yake, Mzee Okeyo, tangu wote wakiwa vijana. Ubao wa mashua ni mrefu, mtu mmoja hawezi kuupinda na kuupigilia misumari peke yake. Basi Baba alishika mwisho mmoja, Okeyo akashika mwisho wa pili, na katikati yao palikuwa na mabishano.

Kwa wasiojua mambo ya ziwa niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa.

Omena, wale mnaowaita dagaa, wanavuliwa gizani. Wavuvi wanawasha taa, samaki wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa omena hawana haja na taa ya mtu, kwa hiyo mashua zinavutwa nchi kavu na wavuvi wanapumzika. Hizo tunaziita siku za mwezi. Mvuvi akipumzika, fundi ndiyo anapata kazi. Nyufa zinazibwa, mbao zilizooza zinatolewa. Kwetu sisi mwezi haukuwa pambo la mbinguni, ulikuwa msimu wa kazi.

Mwaka ule watu walipokanyaga mwezi, mama yangu alikuwa na mimi tumboni. Baba alikuwa na redio, aliitundika kwenye msumari ubavuni mwa mashua aliyokuwa akiitengeneza. Mtangazaji aliposema watu wametembea juu ya mwezi, Baba alitupa nyundo akaita beach nzima, watu wote wa ufukweni, waje wasikie.

Okeyo hakuacha kazi. Mama anasema alipigilia msumari wake mpaka ukazama, ndipo akasema, "Hiyo redio yako imelewa."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia siku hiyo Baba akapewa jina la Wuon Dwe, yaani mwenye mwezi. Nilipozaliwa, sijui kwa hasira au kwa kiburi, akaniita Nyar Dwe, binti wa mwezi. Padri aliandika jina lingine kabisa, lakini mpaka leo nikifika Muhuru hilo la padri hakuna anayelijua.

Okeyo alikuwa na hoja yake moja na hakuwahi kuibadilisha. Kama wazungu wamefika huko juu, kwa nini wasiuzime siku chache watu wavue omena? Baba alikosa jibu. Angejibu nini? Kila siku za mwezi zikifika, mashua zikivutwa nchi kavu, hoja inafufuka. Nimelelewa na sauti ya nyundo mbili na ubishi mmoja.

Msidhani ni utani mtupu lakini. Baba ilimuuma. Akiinuka kwenye mkutano wa beach kusema jambo la maana, tuseme habari ya nyavu au ya choo cha soko, lazima apatikane mtu wa nyuma wa kusema huyo ametoka mwezini juzi, bado amechoka. Wanacheka, anakaa. Nikiwa mtoto nilikuwa natazama jinsi anavyokaa chini taratibu, akikung'uta vumbi la mbao ambalo halikuwepo kwenye suruali. Nilitamani siku moja watu wamwamini baba yangu, na wa kwanza awe Okeyo. Hiyo ndiyo hamu niliyokua nayo. Wenzangu walitamani viatu.

Haya, twende mbele.

Nimeshaolewa Ndhiwa, nafundisha, nina watoto. Parokia yetu ilikuwa na urafiki na parokia moja Marekani, na mwaka mmoja katikati ya tisini wakaomba waletewe mwalimu akae nao kwa wiki chache, awaeleze shule zetu. Jina likaangukia kwangu. Mume wangu alifurahi kuliko mimi.

Nikaenda Muhuru kuaga.

Baba alikuwa kazini na mwenzake, mwisho huku na mwisho kule. Nilipowaambia ninakokwenda, Baba hakuuliza habari ya baridi wala chakula. Aliniambia nikitazame chombo chao, kile kilichokwenda mwezini, nione mbao zake zimeunganishwa vipi hata hewa isitoke. Kwake kila kinachobeba mtu mbali na nchi kavu ni mashua.

Okeyo alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo si kawaida yake. Akanishika mkono wa kulia akaung'ang'ania, hakuuachia upesi.

"Nyar Dwe," akasema, "baba yako usimletee maneno. Maneno iko nayo mingi. Mimi ubao najua nikishika. Wewe ukishika hiyo kitu, rudi uniambie."

Nikacheka. Nani anashika mwezi?

Wakuu, Marekani nisiwachoshe nayo, wengi humu mmeshafika na wengine mnaandikia huko. Nitasema tu nilimezwa na hamu ya nyumbani kama mtoto wa bweni. Nyumba yote ina taa na hakuna mtu wa kubishana naye. Mwenyeji wangu alikuwa mjane mmoja mpole aitwaye Peggy. Siku ya mwisho kabla ya ndege yangu akaniuliza kama kuna kitu nataka kuona. Alitarajia niseme maduka. Nikamwambia nataka kuona chombo kilichokwenda mwezini, kama kipo.

Akacheka, akasema kipo, tena kina nyumba yake.

Tukaendesha mpaka mji wao mkuu. Hiyo museum, wakuu, sijui niieleze vipi. Ni jengo ambalo ukiweka kanisa letu la Ndhiwa ndani, litakosa hata kuonekana. Unaingia, unainua kichwa, unakuta ndege zimening'inia darini kwa nyaya. Ndege kamili, si vinyago. Nilitembea nimeinamisha mabega nikiogopa moja isiniangukie, na Peggy anasema usijali, zimekaa hapo miaka.

Nikaonyeshwa ndege ya kwanza kabisa kuruka. Ni mbao na kitambaa! Niliposogea karibu nikaona kumbe fundi ni fundi tu, mbao zimefungwa kwa waya na kamba kama mtu anavyofunga mlango wa zizi. Nilisikia Baba akisema nyuma ya sikio langu, unaona?

Halafu kile chombo chenyewe.

Nilidhani kitakuwa kikubwa kinachong'aa. Ni kama chungu kilichopinduliwa, kimeungua, rangi ya kahawia, kama kilisahauliwa motoni. Watu watatu walikaa humo ndani wakaenda na kurudi. Nikakizunguka nikitafuta viungo kama nilivyoagizwa. Watu wanapiga picha, mimi nimepiga magoti nachungulia chini. Askari wa museum akaja kuniuliza kwa adabu kama nimepoteza kitu.

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitaka kumwambia kuna mzee Muhuru Bay ndiye aliyepaswa kuwa amepiga magoti hapa, siyo mimi. Hamu ya Baba ilinijaa kifuani hivi hivi, nikainuka nikikung'uta magoti. Mtu ameishi miaka yote hiyo akichekwa kwa ajili ya kitu hiki, na kitu chenyewe kipo, kimekaa tu, watoto wa shule wanakipita wakila lawalawa.

Peggy akanishika bega akasema njoo, kuna jingine.

Palikuwa na foleni ndogo. Mwisho wa foleni pana kitu kama meza, na katikati ya meza kipande cha jiwe cheusi, cha pembe tatu, chembamba, si kikubwa kuliko ulimi wa kiatu. Peggy akanieleza kuwa hilo ni jiwe la mwezi wenyewe. Lililetwa na watu walioukanyaga. Na mtu anaruhusiwa kuligusa.

Nikamuuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Kuligusa? Kwa mkono?

Wakuu, nililigusa.

Ni baridi, na ni laini mno. Vidole vya watu wengi vimelisugua mpaka limekuwa kama jiwe la kusagia la mama yangu, lile la zamani lililoliwa katikati. Nilitegemea nitasikia kitu fulani, umeme au nini. Nikasikia jiwe. Nyuma yangu mtoto ananisukuma apate zamu yake. Nikarudi mwisho wa foleni, nikapanga tena, nikaligusa tena, safari hii kwa kiganja chote. Peggy alikuwa analia bila kujua kwa nini, na mimi nilikuwa najua.

Ndipo maneno ya Okeyo yakanirudia. Ukishika hiyo kitu, rudi uniambie.

Nikautazama mkono wangu, nikafanya uamuzi ambao mwalimu mwenye cheti hapaswi kuufanya. Nikaamua sitaunawa. Nitausafirisha kama ulivyo mpaka Muhuru. Nitamsalimia Baba kwanza, kiganja kwa kiganja. Kisha ataitwa Okeyo, aushike mbele ya Baba, kesi iishe.

Najua mnachofikiri. Hata mimi nilijua kuwa mwezi haubaki kwenye ngozi. Kichwa kilijua, lakini moyo haukuuliza kichwa. Nilichukua leso nikaufunga mkono.

Najua pia mnataka kuuliza habari ya choo. Mkono wa kushoto upo kwa kazi hiyo, tuendelee.

Kwenye ndege mhudumu ananiletea kitambaa cha moto nifute mikono, nakataa. Chakula nakula kwa uma wa kushoto, nusu inaishia kifuani. Jirani yangu akaniuliza kama nimevunjika, nikatikisa kichwa. Nairobi sikulala, nikapanda basi moja kwa moja mpaka Homa Bay.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza, maana nyumbani si ndegeni. Nyumbani mtu anasalimiwa.

Homa Bay stendi nikakutana na mwalimu mkuu wangu, kanyoosha mkono, nikampa wa kushoto. Mnajua maana yake kwetu. Aliutazama kama nimempa samaki aliyeoza. Rodi Kopany nikakutana na wanawake wa jumuiya wakitoka sokoni, wananikimbilia kwa vigelegele, na mimi nimeficha mkono nyuma. Nikasikia mmoja anasema kwa sauti ya kutosha kwamba huyu Marekani imeshamharibu.

Nikavumilia. Lakini kabla ya Muhuru ilikuwa lazima nipite Ndhiwa. Mwanamke aliyeolewa hatoki safari ya mbali akaenda kulala kwa baba yake kwanza. Anatua kwa mumewe, na kwa mumewe kuna mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa Msabato wa misimamo, mtu wa maneno machache. Alikuwa amepika kuku. Akaja yeye mwenyewe na beseni na jagi kuninawisha, heshima ambayo hakuwahi kunipa tangu niolewe. Nami nikasimama pale nimeufumbata mkono kifuani.

"Mkono imefanya nini?" akauliza.

Nikasema umeumia kidogo. Kosa kubwa hilo. Kabla sijamaliza sentensi kaagiza maji moto na chumvi, anataka kuuchua. Ananivuta, namvuta, leso inafunguka. Anatazama mkono mzima kabisa, hauna hata mkwaruzo. Uso wake ukabadilika.

Ikabidi niseme ukweli wote. Jiwe, foleni, Baba, Okeyo. Nilivyokuwa nikieleza nilijisikia mjinga, na mume wangu amekaa pale anatazama miguu yake.

 Nikangoja Mama mkwe aseme kwa hiyo baba yako ndiye mtu, sisi ni wa kushoto. Hakusema. Aliweka beseni chini, akaufunga ule mkono upya kwa leso, akaufunga vizuri kuliko nilivyokuwa nimeufunga mimi. Kisha akanawa mikono yake mwenyewe, akakata ugali, akachovya kwenye mchuzi, akanilisha. Tonge kwa tonge, kama mtoto. Sitasahau.

Katikati ya kula alisita, akamtazama mwanawe. Nikaona kuna neno. Nikauliza kuna nini.

"Kula kwanza," akasema. "Hizo zingine utapata huko kwenu."

Wakuu, kila mtu aliyelelewa kwetu anajua maana ya kuambiwa kula kwanza. Msafiri hapewi habari ya msiba akiwa na njaa.  Nikauliza ni Baba? Mama mkwe akasema baba yako nimesikia yuko. Lakini alisema akitazama sufuria, nami sikumwamini.

Nililala pale kwa sababu ilikuwa lazima nilale. Asubuhi na mapema mume wangu akanitoa, tukashika njia ya Muhuru. Njia yote nilikuwa nimeushika mkono wa kulia kwa wa kushoto na sala yangu ilikuwa moja, nimkute. Anicheke, anifukuze, lakini nimkute.

Zilikuwa siku za mwezi. Mashua zilikuwa zimevutwa ufukweni zimejipanga, mafundi wanagonga kila upande, omena wa zamani wanamalizikia kukauka kwenye nyavu. Nikasikiliza upande wa Baba. Kimya.

Nikaanza kukimbia. Mwanamke mzima, na sketi ya Marekani.

Nikamwona. Alikuwa amekaa juu ya gogo kando ya mashua. Mzima. Kofia yake ile ile. Nikasimama mbele yake nikifungua leso kwa meno, nacheka na kulia pamoja, namwambia Baba, Baba, nimekushikia.

Nikamweleza yote, haraka haraka. Nikanyoosha mkono.

Hakuupokea.

Aliutazama tu. Ndipo nikaona ubao mpya uliolazwa kwenye mashua. Mwisho mmoja umepigiliwa misumari. Mwisho wa pili umening'inia hewani, haujashikwa na mtu.

"Okeyo tulizika," Baba akasema. "Wiki hiyo nyingine."

 Huko nilikokuwa simu ilikuwa ya kuweka ahadi, na nani angeniwekea ahadi ya kunipa habari kama hiyo? Mkono wangu bado umenyooka pale mbele yake kama wa mwombaji.

Baba akainuka. Akasema twende tukatoe pole, kwani ni lazima, hujafika kwao tangu msiba. Alinitangulia kwa hatua zake za magoti mabovu. Mume wangu akabaki na mizigo.

Mke wa Okeyo, Mama Akoth, tulimkuta amekaa mlangoni. Tulilia naye kama inavyotakiwa. Tulipotulia, akaanza kuutazama mkono wangu. Nadhani kila mtu Muhuru alikuwa ameshasikia, habari kwetu inapanda gari la mbele.

Akasema mzee akiwa kitandani alikuwa akiuliza siku kwa siku kama nimerudi. Wao walidhani ni homa inasema. Akamwiga vile alivyokuwa akisema, na alimwiga vizuri mpaka nikamsikia:

"Huyo msichana akisema ameshika, mimi nitaamini. Baba yake hapana."

Baba alicheka. Cheko fupi, likakatika njiani.

Kaburi lilikuwa kando ya boma, udongo bado mbichi. Tulisimama. Nikamgeukia Baba nikampa mkono tena, nikamwambia tafadhali, ushike basi, nimeutoa mbali.

Akatikisa kichwa.

"Mimi niliamini na redio," akasema. "Mwenye kutaka kushika ni huyu. Msalimie."

Nikapiga magoti. Niliweka kiganja changu juu ya udongo wa Okeyo, kiganja chote, kama nilivyokiweka kule, nikakikandamiza. Nikamwambia nimekishika hicho kitu, nimerudi kukuambia. Udongo ulikuwa na joto la jua. Lile jiwe lilikuwa baridi, na nilijua kabisa dakika ile kwamba mwezi umeniishia mkononi, umebaki pale.

Baba akasogea karibu na kaburi. Akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku za mwezi:

"Okeyo. Sasa umeona?"

Akangoja.

Nasema alingoja, wakuu. Aliinamisha kichwa upande wa sikio linalosikia vizuri, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Nyundo za mafundi wengine zilikuwa zinasikika kutoka ufukweni. Aliposhindwa kungoja zaidi akasema, taratibu, "Jibu, basi."

Miaka yote nilitamani Baba ashinde ubishi ule. Siku hiyo alishinda, na sijawahi kuona mtu aliyeshindwa vile.

Tuliporudi alinishika mkono, ule ule, wenye udongo. Hakuwa amenishika mkono tangu nikiwa mtoto wa kuvuka mto. Hakusema ni kwa ajili ya mwezi, na mimi sikuuliza. Nyumbani mama yangu alikuwa ametengeneza mbuta, yule mnayemwita sangara, akatuletea maji, tukanawa wote kwenye beseni moja. Nikakandamiza tonge kwa mkono wangu wa kulia kwa mara ya kwanza tangu Marekani. Nilikula sana siku hiyo, nawaambia ukweli.

Halafu nikashika mwisho wa pili wa ule ubao. Mwanamke haundi mashua kwetu, watu walipita wakatazama, wakaenda zao. Baba alipigilia. Katikati yetu palikuwa kimya mno, akaanza kunieleza kuhusu mwezi. Nikajaribu kumbishia. Nikasema mbona hawauzimi basi tuvue omena. Akatabasamu kwa huruma. Sikuwa najua kubisha kama Okeyo, na wote wawili tulijua.

Baada ya hapo beach ilimwamini. Niliitwa shuleni, niliitwa kanisani, niliitwa mkutanoni, nikasimulia habari ya jiwe, na watu wakasema kumbe Wuon Dwe alisema kweli. Akiinuka kusema habari ya nyavu wanamsikiliza mpaka mwisho. Kile nilichokitamani nikiwa mtoto kilitimia chote. Naye akawa haongei tena sana. Siku za mwezi zikifika alikuwa anaketi kwenye lile gogo, redio imetundikwa msumarini, hata haijawashwa.

Alifariki kabla ya miaka hiyo ya tisini kwisha. Wamelazwa boma kwa boma, mtu akipiga kelele hapa anasikika kule.

Somo, wakuu, kwa sababu najua humu mkimaliza kusoma mnadai somo. Kama una mtu mnayebishana naye miaka yote, usikimbilie sana kumshinda. Na kama una habari aliyokuwa anaingojea, mpelekee ungali unaweza kuona anavyokunja uso. Basi.

Nakaribisha maoni. Kama kuna mtu amewahi kuligusa lile jiwe, aniambie kama bado ni baridi.

Na kwa wale ambao tayari mmeshaanza kuandika kwamba huu ni uongo, hakuna aliyefika mwezini, mama huyu ametunga: andikeni. Sitakasirika, nitawasoma wote. Baba yangu alikaa miaka yake ya mwisho akimngoja mtu mmoja tu wa kumwambia hivyo.